Maiki ya Zamani Isiyo na Jina: Ni ya Marekani, Ujerumani, Uingereza au Japani, na Ipi Uichukue?

Maiki za zamani zikifika kwa wauza mitumba, iwe Kariakoo, Gikomba au kwenye maduka ya vitu vya kale ya Mji Mkongwe, mara nyingi hufika bila jina. Kibati kilichobandikwa kwa gundi kimebanduka, mwili umepakwa rangi upya, au maandishi yamefutwa na jasho la mikono ya waimbaji wa miaka mingi. Nyingine hazikuwahi kuwa na jina la aliyezitengeneza: kiwanda kimoja kiliziunda, kampuni nyingine ikazitia nembo yake, au zilitoka ndani ya boksi la tepu rekoda. Muuzaji huitazama sura, hutaja jina kubwa analolijua, na bei hupanda papo hapo.

Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya mtu anayetazama maiki mbili tatu za namna hiyo mezani na anataka kujua achukue ipi. Nitaziweka koo nne bega kwa bega: Marekani, Ujerumani pamoja na Austria, Uingereza, na Japani pamoja na India. Maiki nyingi za zamani utakazokutana nazo kwetu zimetoka katika moja ya hizo.

Ninachokiamini katika kazi hii ni kimoja: maiki isomwe kuanzia chini kwenda juu. Anza na tundu la stendi, kisha soketi ya waya, kisha kipimo cha mita, kisha kapsuli iliyomo ndani, yaani kile kiini kinachogeuza sauti kuwa umeme. Sura ya nje iwe ya mwisho kabisa, kwa sababu sura ndiyo iliyoigwa kuliko kitu kingine chochote katika historia ya vifaa hivi.

Kwanza, ni dainamiki kweli?

Maiki ya dainamiki ina kiwambo chepesi kilichogandishwa koili ya waya mwembamba sana, na koili hiyo inaelea katika mwanya wa sumaku. Sauti ikikitikisa kiwambo, koili husogea na umeme mdogo huzalika. Haitaki betri wala umeme wa kutoka nje. Ndiyo maana imedumu: hata ikikaa kabatini miaka 40, waya ukiwa mzima na kiwambo hakijachanika, itasema.

Lakini si kila maiki ya zamani ni ya aina hii, na kosa la kwanza la mnunuzi ni kulinganisha jina na jina kabla ya kujua aina. Vifaa unavyohitaji ni tochi, klipu ya karatasi na mita ya fundi.

| Aina | Klipu ikisogezwa kwenye wavu | Mita ya omu | Ishara nyingine |
|---|---|---|---|
| Dainamiki ya koili | Huvutwa | Namba tulivu, na kapsuli hutoa "tiki" mita inapogusa | Haina nafasi ya betri |
| Utepe | Huvutwa kwa nguvu | Usiipime | Ukanda wa alumini kati ya nguzo mbili za sumaku |
| Kristali | Haivutwi | Haisomi kitu | Nyepesi kwa ukubwa wake |
| Kaboni | Haivutwi | Namba huruka ukiitikisa | Hutaka umeme wa betri |
| Elektreti | Haivutwi | Hubadilika ukigeuza waya za mita | Nafasi ya betri, au waya wa umeme |

Hiyo "tiki" ndiyo kipimo ninachokipenda kuliko vyote. Mita ya omu hupeleka umeme kidogo kwenye koili, koili inaruka, kiwambo kinalia. Ukiisikia, koili ni nzima na haijakwama kwenye sumaku. Kwa pigo moja umejua aina ya maiki na afya yake.

Kwa utepe, subiri. Ukanda wake ni mwembamba kiasi cha kuweza kuharibiwa na pumzi ya mtu, na umeme wa mita unaweza kuuvuta nje ya mahali pake. Mulika tochi kupitia wavu kwanza. Ukiona ukanda wenye mikunjo midogo umening'inia kati ya vyuma viwili, weka mita chini.

Kuhusu kristali, watu wa pwani wasikilize hapa. Ndani ya maiki hizo mna kipande cha chumvi ya Rochelle, na chumvi hiyo haivumilii unyevu mwingi wala joto la zaidi ya nyuzi 55 hivi. Maiki ya kristali iliyoishi Mombasa, Tanga au Unguja, au iliyoachwa ndani ya gari juani, kwa kawaida imekufa na haifufuki. Kuna nyingine nzuri mno kwa macho, kama Astatic D-104 ya Marekani iliyoanza 1933 yenye kichwa cha duara juu ya shina. Inunue kwa ajili ya rafu, usiinunue kwa ajili ya sauti.

Marekani: tundu pana la stendi na pete ya kuzungusha

Hesi ya stendi ya Kimarekani ni ya inchi 5/8 yenye meno 27 kwa inchi. Kwa rula ni tundu la karibu milimita 16, na meno yake ni membamba, yamesongamana. Ile ya Ulaya ni inchi 3/8 yenye meno 16, yaani milimita 9.5 hivi, na meno yake ni makubwa na yameachana. Ukishaziona mbili hizi pamoja hutazichanganya tena. Tahadhari moja tu: kuna pete ya shaba ya kupunguza tundu kubwa liwe dogo, na huachwa humo kwa miaka hadi ikaonekana ni sehemu ya mwili. Tafuta mkato wa bisibisi kwenye ukingo wake. Ukiuona, fungua pete, ndipo upime.

Soketi ya Kimarekani ya kabla ya XLR, ile ya pini tatu ya maiki za leo, kuenea ni ile ya Amphenol: pete ya chuma unayoizungusha kwa vidole, ndani pini moja, tatu au nne. Ya pini moja karibu kila mara ni ya impidensi ya juu (impidensi ni ukinzani wa maiki kwa umeme wa sauti, hupimwa kwa omu), kwa ajili ya amplifaya za valvu. Ya pini nne huwa na uwezo wa impidensi mbili, ya chini na ya juu, na ndani yake mna transfoma.

Katika ukoo huu majina mawili ndiyo yatakayokusumbua, Shure wa Chicago na Electro-Voice aliyehamia Buchanan, Michigan, mwaka 1946. Tofauti yao haiko kwenye rangi wala kromu. Iko kwenye namna walivyotatua tatizo moja: vipi maiki isikie mbele tu na isisikie nyuma.

Shure walilitatua mwaka 1939 kwa Unidyne, kazi ya mhandisi Benjamin Bauer, iliyokuwa dainamiki ya kwanza ya upande mmoja yenye kapsuli moja tu. Kabla ya hapo watu walikuwa wakiunganisha kapsuli mbili katika mwili mmoja. Mwaka 1959 Ernie Seeler akaleta Unidyne III, ndogo, ya kuimbiwa kwenye ncha, na kutoka humo zikazaliwa SM57 ya 1965 na SM58 ya 1966. Kwa hiyo ukifungua maiki isiyo na jina ukakuta kapsuli ya duara yenye matundu ya pembeni karibu sana nyuma ya kiwambo, na shina refu lenye transfoma chini, uko jirani na nyumba hiyo, au na mmoja wa waigaji wake walio wengi.

Electro-Voice walikwenda njia nyingine. Mfumo wao wa Variable-D huingiza sauti ya nyuma kupitia matundu yaliyo katika umbali tofauti tofauti kutoka kwenye kiwambo. Utauona kwa macho: mwili una nyufa au matundu mbali nyuma ya kichwa, kama ilivyo kwenye 664 ya miaka ya 1950 na kwenye RE20 ya 1968. Faida yake husikika mara moja. Maiki nyingi za upande mmoja huongeza besi ukisogeza mdomo; ya Variable-D haiongezi sana. Msomaji wa habari anayeyumbayumba kitini husikika vilevile. Kama maiki isiyo na jina ina matundu marefu mgongoni na besi haibadiliki unaposogea, usipoteze muda kuifikiria kuwa ni ya Shure.

Sasa ile yenye mbavu. Kila mtu anaijua kwa picha za waimbaji wa miaka ya 1950, na ndiyo maana kila asiye na jina mwenye mbavu huuzwa kama Shure 55. Model 55 ya 1939 ilikuwa kubwa. 55S ya 1951 ni ndogo zaidi, na hadi leo Shure wanatengeneza 55SH ya sura hiyohiyo. Kati ya hizo kuna miigo isiyohesabika. Usihukumu kwa mbavu. Mulika ndani. Ya zamani halisi ina kapsuli kubwa iliyosimama ikitazama mbele, imeshikwa na mpira, na kitambaa kati yake na wavu. Ukikuta kapsuli ndogo ya plastiki ya maiki ya mkononi imeelekezwa juu na nafasi tupu pembeni, hiyo si ya 1951, haidhuru muuzaji aapie nini. Inaweza kuwa maiki nzuri ya kuimbia, lakini ilipe kama maiki ya sasa.

Ujerumani na Austria: nambari 200 na herufi mbili

Hapa ndipo ninapopatazama zaidi, kwa sababu maiki hizi hutambulika vizuri hata zikiwa zimevuliwa kila kitu.

Tundu la stendi ni 3/8. Au hakuna tundu kabisa mwilini: Sennheiser MD 421, iliyotoka 1960, ina mfereji chini ya mwili ambamo kibanio huteleza na kubana. Soketi ni DIN ya pini tatu, soketi ya duara ya kiwango cha Kijerumani, au Tuchel, ambayo hufanana na DIN lakini ina pete ya kukaza kwa hesi. Mita ukiiweka kwenye pini mbili za sauti hukupa namba inayokaribia 200, kwa kuwa Wajerumani walipenda kutoa koili moja kwa moja kwenye impidensi hiyo bila kupitia transfoma. Ya Kimarekani yenye transfoma haisemi hivyo: unachopima pale ni waya wa transfoma, na upande wa impidensi ya juu unaweza kusoma maelfu ya omu.

Kisha tafuta herufi. Kwenye MD 421 kuna pete ya kupunguza besi yenye alama M upande mmoja na S upande mwingine: Musik na Sprache, muziki na maneno. Herufi hizo mbili hukwambia zaidi ya kibati kizima cha jina. Maiki hiyohiyo iliuzwa pia kwa nembo ya Telefunken, kwa hiyo usishangae kuona mwili wa Sennheiser wenye jina jingine, au wenye alama ya gundi mahali palipokuwa na almasi ya Telefunken.

Chini ya mwili au ndani ya kifuniko angalia D.R.P. au D.B.P. Ya kwanza ni hataza ya dola ya Ujerumani ya kabla ya 1945. Ya pili ni ya Ujerumani Magharibi ya baada ya vita. "W. Germany" nayo inakuweka kati ya 1949 na 1990. Kwa Zanzibar, iliyokuwa karibu na Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964, nembo ya RFT, ya viwanda vya Ujerumani Mashariki, ni ya kutazamiwa, na soketi yake itakuwa ya DIN vilevile. Kwa hiyo DIN peke yake hukupa lugha ya kiwanda, haikupi upande wa ukuta.

Ndugu wa karibu ni AKG wa Vienna, kampuni ya 1947. D12 yao ya 1953 ina kichwa kikubwa cha yai na chumba cha besi nyuma ya kapsuli, na ndiyo maana baadaye ilipendwa kwenye ngoma ya besi. Ukikuta maiki yenye kapsuli mbili ndani ya mwili mmoja, moja mbele kwa sauti kali na nyingine nyuma kwa besi, huo ni utaratibu wa AKG kwenye D202, na sifahamu alama nyingine inayotambulika upesi hivyo. Beyer wa Heilbronn hujulikana kwa herufi M na namba, M69, M88, ila jina likifutika inabaki kichwa kidogo cha duara na shina linalopungua kuelekea chini, na hapo kapsuli ndiyo itakayoamua.

Uingereza: skrubu zinazokataa bisibisi yako

Maiki za Kiingereza za zamani zimo kwetu kwa njia ya historia. Sauti ya Dar es Salaam na Sauti ya Unguja zote zilianza 1951 chini ya utawala wa Kiingereza, na vifaa vya utangazaji, vya makanisa, vya shule na vya kumbi za mikutano vya wakati huo vilielekea kutoka huko. Majina ya kutazamiwa ni STC wa London na Grampian wa Feltham. STC 4021 huwezi kuikosea: tufe dogo jeusi lenye kisahani cha matundu mbele yake. Grampian DP4 ni ya kawaida zaidi na ni dainamiki ya pande zote, iliyouzwa kwa impidensi tofauti kuanzia ya chini kabisa ya omu 25 hadi 30.

Na hiyo ndiyo alama kubwa ya ukoo huu. Mita ikisoma namba ndogo sana, na hakuna dalili ya waya kuungana vibaya, fikiria Uingereza kabla ya kufikiria ubovu. Waingereza waliishi na laini za omu 30 wakati wenzao wa bara walikuwa kwenye 200.

Alama ya pili ni skrubu. Uingereza ya zamani ilitumia hesi za BA, kiwango chao cha skrubu ndogo. Skrubu ya 6BA ina unene wa milimita 2.8, na ile ya Kimarekani ya 4-40 ina milimita 2.84, kwa hiyo kipimo cha unene hakitakusaidia. Hesabu meno. Meno kumi ya 6BA huchukua milimita 5.3, meno kumi ya 4-40 huchukua 6.35. Ya Kijerumani au ya Kijapani ya M3 ina milimita 3 kamili na meno kumi yake huchukua 5. Wengi hawafiki hapa, lakini mwili ukiwa hauna jina, soketi imebadilishwa na tundu la stendi limetobolewa upya, skrubu iliyoshikilia kapsuli ndani ndiyo shahidi asiyeguswa na mtu.

Japani na India: waya uliozaliwa na maiki

Hizi ndizo nyingi zaidi na ndizo zinazodharauliwa zaidi, na si haki. Alama zake: waya umeingia mwilini moja kwa moja bila soketi, mwishoni kuna jeki ya milimita 6.35; au kuna jeki mbili pamoja, ya 3.5 kwa sauti na ya 2.5 kwa swichi ya kuwasha na kuzima tepu rekoda. Ukiona jeki mbili za namna hiyo, umemaliza: ni maiki ya redio kaseti au tepu rekoda, na hadithi za studio ziishie hapo. Impidensi huwa karibu omu 600 au elfu 50, mara nyingi zote mbili. Skrubu za Kijapani zina msalaba wenye kidoa kidogo pembeni. "Made in Occupied Japan" ikiwepo, ni ya kati ya 1947 na 1952.

Primo wa Japani aliwatengenezea kapsuli na maiki nzima wengine wengi, kwa hiyo maiki moja hutokea kwa majina matano, na kutafuta "jina la kweli" ni kazi isiyo na tija. TOA wa Kobe na Ahuja wa India ndio waliotujalia vipaza sauti vya misikitini, makanisani na kwenye mikutano ya hadhara, na maiki zao za mezani zenye shina la kukunjika huishi muda mrefu kwa sababu kila fundi wa mtaani amewahi kuifungua moja.

Alama zikipingana

Maiki ya zamani imepita mikono mingi. Utakuta tundu la 3/8, soketi ya XLR, na kapsuli ya Kimarekani ndani. Katika hali hiyo mimi huziamini alama kwa mpangilio huu: kapsuli, skrubu za ndani, transfoma, tundu la stendi, soketi, kisha rangi na umbo. Soketi huikaribia mwisho kwa kuwa ndiyo fundi huibadilisha kwanza. XLR kwenye mwili wa miaka ya 1950 haina uzito wowote wa ushahidi mpaka uone kama tundu lake limekatwa kiwandani au kwa tupa.

Umri nao una alama zake. Namba ya hataza ya Marekani, hata ikiwa imebaki peke yake chini ya shina, huingizwa kwenye utafutaji wa hataza wa Google bure, na hukuonyesha mchoro na jina la mwenye wazo. Namba milioni 2 ilitolewa 1935, milioni 3 mwaka 1961, milioni 4 mwaka 1976. Kumbuka tu kwamba hataza inasema maiki haikutengenezwa kabla ya mwaka huo. Haisemi ilitengenezwa mwaka huo. Kiwambo cha alumini huelekea miaka ya 1930 na 1940. Kiwambo cha plastiki angavu cha Mylar hakitangulii miaka ya 1950. Sumaku ndogo sana yenye nguvu ya ajabu ni neodimiamu, na hiyo ni ya miaka ya 1980 kuja mbele, hata kama nje kuna mbavu na kromu.

Sasa, ipi uichukue?

Inategemea unataka kuifanyia nini, na jina lina nafasi ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Kwa mwimbaji wa bendi, jukwaani, spika zikiwa karibu, taka maiki ya upande mmoja. Pima hivi: sema mbele yake kwa sauti ileile, kisha zunguka hadi nyuma. Sauti ikipungua waziwazi, ni ya upande mmoja. Ikibaki palepale, ni ya pande zote na itapiga mluzi mara tu ukiongeza volyumu. Hapa ukoo wa Unidyne III ndio wa kwanza, ilimradi ina njia ya impidensi ya chini. Ile ya impidensi ya juu peke yake isikupe tamaa ya bei: waya ukizidi mita sita hivi sauti kali hupotea na muungurumo huingia, na kwenye miksa ya leo utahitaji transfoma ya kushusha. Wapigaji wa kinanda cha mdomo wanaozitafuta kwa ajili ya amplifaya za gitaa ndio pekee ninaowaona wakizifurahia zilivyo.

Kwa kusoma habari, mahojiano au kurekodi simulizi za wazee, geuza mpangilio wote. Chukua ya pande zote. Haiongezi besi mtu akisogea, haijali sana upepo wala mshindo wa mkono, na huvumilia msemaji asiyejua kushika maiki. Sennheiser MD 21 ya miaka ya 1950 na Electro-Voice 635A ya miaka ya 1960 zilitengenezwa kwa kazi hiyo hasa, na DP4 ya Kiingereza huifanya vizuri pia. Kwa sababu soko la mitumba hukimbilia maiki za jukwaani, hizi huachwa mezani kwa bei ya huruma.

Kwa kurekodi udi, ganuni au zeze chumbani, nisingetafuta ya Kimarekani. Ningechukua ya Kijerumani au ya Austria isiyo na jina yenye omu 200, hata ikiwa imechubuka yote. Husikia sauti za juu kwa utulivu, na impidensi yake huingia kwenye kifaa chochote cha leo bila transfoma.

Kwa adhana, mahubiri na shughuli za kila siku, Mjapani au Mhindi mwenye kapsuli nzima ndiye anayefaa. Atavumilia, na vipuri vyake vipo.

Na kama unataka kuiuza kwa mkusanyaji, usiisafishe. Usiipake rangi, usibadilishe soketi, usitupe skrubu hata moja yenye kutu. Piga picha ya kila alama niliyoitaja hapo juu, pamoja na skrubu zikiwa juu ya rula, kisha mwache mnunuzi asome mwenyewe.

Kabla ya kuiunga popote, jua ardhi iko pini ipi. Kwenye XLR ni pini ya 1. Kwenye DIN ya pini tatu na Tuchel ndogo ni ya 2, ya katikati, na sauti iko 1 na 3. Ukitengeneza waya kwa kudhani kila soketi ni XLR, utapata muungurumo na utaitupa maiki nzima. Zima umeme wa fantomu wa 48V, ule ambao miksa huupeleka kwenye maiki kupitia waya wa sauti, hadi uwe na hakika ya waya wako. Dainamiki iliyoungwa sawasawa haidhuriki nao, ila iliyoungwa vibaya hupitisha umeme huo ndani ya koili, na utepe huenda usipone.

Ukibakiwa na mbili zinazolingana kwa kila kitu, ziweke sikioni moja moja, gusisha mita, na usikilize. Yenye "tiki" kavu na fupi ndiyo ya kulipia. Yenye mkwaruzo ina vumbi la chuma kati ya koili na sumaku, na vumbi hilo hutolewa kwa gundi laini ya kufinyangwa, ile ya kubandikia karatasi ukutani, iliyoviringwa kwenye ncha ya kijiti, kidogo kidogo, bila kupuliza.